Sheria haibembelezwi: Somo kutoka foleni ya ukaguzi uwanja wa ndege

UKITAKA kuzijua tabia za watu, usiende harusini wala msibani. Nenda uwanja wa ndege, simama katika foleni ya ukaguzi wa abiria, kisha utazame.

Hivi karibuni nilikuwa katika foleni hiyo kwenye uwanja mmoja hapa nchini. Mbele yangu alikuwapo mzee mmoja nadhifu, amevaa suti. Alipopita, mashine ikalia. Akatoa funguo. Akarudi, ikalia tena. Akatoa sarafu, kisha simu ya pili, mwisho mkanda wa suruali, kila kimoja akikishangaa kana kwamba kimetiwa mfukoni na mchawi. Kijana aliyemfuata, alipoambiwa kwamba maji hayapiti, aliamua kuinywa palepale chupa nzima ya lita moja na nusu, kwa sababu ameinunua kwa fedha yake. Wengine walivua viatu bila kuambiwa. Wengine waliambiwa mara tatu, wakabisha.

Hayo yalichekesha. Lililofuata halikuchekesha.

Mama mmoja mfanyabiashara alikuwa na chupa sita za asali ya nyuki wadogo katika begi la mkononi, kila chupa nusu lita. Ilikuwa sampuli ya kumpelekea mnunuzi Dubai.

"Mwanangu, haya si maji, ni asali," alimwambia mkaguzi.

"Shikamoo mama. Naelewa, lakini asali nayo huhesabiwa kama kimiminika. Mwisho ni mililita 100 kwa chupa."

Mama akabembeleza. Akaeleza alikotoka na alivyohangaika. Akaomba aitiwe mkubwa wa kazi. Mkubwa akaja, akasema yaleyale. Begi lake kubwa lilikwisha pokelewa kaunta, na muda wa kurudi nyuma haukuwapo. Asali ikabaki, naye akapanda ndege kwenda kumwona mnunuzi mikono mitupu.

Sheria ile haikutungwa kumkomoa mtu. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege za kwenda Marekani kwa vilipuzi vya maji vilivyokusudiwa kufichwa katika chupa za vinywaji. Novemba mwaka huo Umoja wa Ulaya ukaweka kikomo cha mililita 100, na nchi nyingi zikafuata. Hata suala la viatu lina chanzo chake: Desemba 2001 abiria aliyeitwa Richard Reid alijaribu kulipua bomu alilolificha kiatuni, ndani ya ndege iliyotoka Paris kwenda Miami.

Sheria hizi pia hubadilika. Marekani iliacha Julai 2025 kuwavua viatu abiria wote, na baadhi ya viwanja vya Uingereza vyenye mashine mpya sasa vinaruhusu chupa ya hadi lita 2. Lakini kinachopita kwenye uwanja mmoja huweza kukwama pale unapobadilisha ndege. Anayetegemea simulizi ya rafiki aliyesafiri miaka mitano iliyopita anacheza kamari na mtaji wake.

Tatizo letu, kwa maoni yangu, ni mazoea. Tumekulia katika masoko ambako kila bei hujadiliwa, tukaamini kuwa kila jambo litapatiwa ufumbuzi hukohuko mbele ya safari. Bei inajadilika, kiwango hakijadiliki. Mkulima wa korosho anayepeleka ghalani mzigo wenye unyevu kupita kiasi anajua. Maharage mabichi yenye mabaki ya dawa kuliko kiwango cha Umoja wa Ulaya hayatauzwa huko, hata kama aliyeyalima ana watoto saba wanaosubiri ada. Mkaguzi wa uwanja wa ndege ni ndugu wa mkaguzi wa mazao: wote wawili wanatazama kipimo, hawatazami machozi.

Lakini lawama zote zisimwangukie msafiri. Wakala anayeuza tiketi angeweza kusema maneno mawili tu: "Umebeba nini?" Vyama vya ushirika na maofisa biashara wanaowahimiza wazalishaji kutafuta masoko ya nje wangeanza na somo la namna ya kufungasha na kusafirisha sampuli. Matangazo kwa Kiswahili yawekwe mahali ambapo msafiri bado ana begi lake kubwa mkononi, siyo anapokuwa ameshalikabidhi.

Hadi hapo, ndugu msomaji, jisaidie mwenyewe. Asali, samli, mafuta na siagi ya karanga, vifungashe vizuri na kuvitia katika begi la kukabidhi kaunta, pamoja na visu na mikasi. Pawabenki ya kuchajia simu ni kinyume chake: hiyo hukaa begi la mkononi. Ukiwa na fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani, toa taarifa forodha badala ya kuzifunga kiunoni. Usibebe kifurushi cha mtu usichojua kilichomo. Tena uliza mapema kama nchi unayokwenda inadai kibali au cheti kwa bidhaa yako, maana kupita ukaguzi wa hapa si kupita forodha ya kule.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kiwango cha mililita 100 hakikumzuia mama yule kufanya biashara. Vichupa sita vya mililita 50, ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha, vingepita bila maneno. Na mnunuzi, ili aijue asali nzuri, huhitaji kijiko kimoja tu.