Hidrojeni visiwani: somo la Orkney kuhusu umeme uliokosa njia

Visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, vina shida ambayo wengi Kivu wangeitamani: umeme kupita kiasi. Tangu mwaka 2013, mitambo ya huko, hasa ya upepo, inazalisha kwa mwaka umeme mwingi kuliko ule wakaaji wanaotumia. Lakini kebo zinazopita chini ya bahari kuelekea bara hazina nafasi ya kutosha. Zikijaa, mitambo inasimamishwa hata kama upepo unavuma.

Hasara inawaangukia wakaaji wenyewe. Katika kisiwa cha Eday, chenye watu wasiofika 200, mtambo wa upepo wa kilowati 900 ni mali ya jumuiya. Kila saa mtambo huo unaposimamishwa, pesa za miradi ya kisiwa zinapotea.

Ndiyo sababu hidrojeni ililetwa. Mashine ilitumia umeme uliokosa njia kugawanya maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Gesi hiyo ilishindiliwa ndani ya mitungi na kusafirishwa kwa meli hadi mji wa Kirkwall. Kule iligeuzwa tena kuwa umeme kwa ajili ya meli zilizotia nanga bandarini. Mradi huo ulizinduliwa mwaka 2017, na kisiwa jirani cha Shapinsay kikaingia katika mpango kama huo kwa msaada wa Umoja wa Ulaya.

Hesabu ndiyo inaleta swali. Umeme ukigeuzwa kuwa hidrojeni, kisha ukarudishwa kuwa umeme, kinachobaki ni karibu theluthi moja tu. Betri inarudisha zaidi ya asilimia 80. Hata hivyo, betri inafaa zaidi kwa masaa, wakati hidrojeni inaweza kungoja wiki nzima na kusafirishwa. Kisiwa cha Utsira, Norway, kilionyesha kati ya 2004 na 2008 kwamba nyumba 10 zinaweza kuishi kwa upepo na hidrojeni. Jaribio lilifaulu, lakini halikugeuka kuwa huduma ya kudumu.

Orkney nayo haikutegemea hidrojeni peke yake. Julai 2023, Ofgem, shirika linalosimamia nishati Uingereza, liliidhinisha kebo mpya kubwa.

Kongo pia inajua umeme usio na njia. Tangu 2020, mbuga ya Virunga ilitumia umeme wa kituo cha Luviro, Lubero, kuchimba bitcoin, kwa kuwa nyaya za kuufikisha kwa wateja zilikuwa hazijakamilika.

Lakini Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu ambako familia nyingi bado ziko gizani, hakina ziada ya kugeuza kuwa gesi. Huko kazi ya kwanza ni mitambo, nyaya na betri. Na atakayeleta mradi wowote aulizwe kwanza swali la Eday: mtambo utakuwa mali ya nani?