Borat na taifa lililoambiwa licheke

Kuna vichekesho vya kutazamwa na jamaa nzima, baba kwenye kiti chake na watoto zuliani, kama vile Vitimbi na Vioja Mahakamani. Na kuna vile ambavyo mtu hucheka kwanza, kisha akatupa jicho kando kuona kama mama mkwe amesikia. Filamu ya Borat, iliyotoka Novemba 2006, ni ya kundi hili la pili. Tena ni miongoni mwa filamu chache mno zilizozua ugomvi wa mataifa kabla mtu wa kawaida hajakata tikiti.

Kwa wale ambao hawakubahatika kumjua (au walibahatika kutomjua), Borat Sagdiyev si mtu wa kweli. Ni mhusika aliyebuniwa na Sacha Baron Cohen, mchekeshaji wa London, Myahudi aliyesoma Chuo Kikuu cha Cambridge. Borat ni mwandishi wa habari mwenye masharubu mazito na suti ya kijivu, adaiye kwamba ametoka Kazakhstan. Anawachukia Wayahudi, anawadharau wanawake, na maswali yake hata mlevi wa chang'aa angeyaonea haya. Wengi anaowahoji hawajui kwamba huo ni mchezo. Hapo ndipo penye utamu wake, na ndipo penye sumu yake vilevile.

Kazakhstan nayo si nchi ya kubuni. Ilipata uhuru Desemba 1991, Muungano wa Kisovieti ulipokuwa ukisambaratika. Ni nchi ya tisa kwa ukubwa duniani, ina mafuta tele, na ni kutoka Baikonur, katika ardhi yake, ambako Yuri Gagarin alirushwa angani mwaka wa 1961. Lakini ungemsimamisha mpita njia wa New York au wa Nairobi mwaka huo wa 2006, yamkini asingekuonyesha iko wapi kwenye ramani. Nadhani ndiyo sababu ikachaguliwa. Ni vigumu kumsingizia mtu ambaye kila mmoja anamfahamu.

Vita vilianza Novemba 2005, Borat alipokuwa mfawidhi wa sherehe za tuzo za muziki za MTV mjini Lisbon. Msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Kazakhstan aliwaka, akatisha kwenda mahakamani. Unajua Borat alijibu nini? Alitoa video akisema kwamba anaiunga mkono serikali yake kikamilifu, na imshtaki Myahudi huyo mara moja! Desemba tovuti yake, iliyokuwa imesajiliwa kwa jina la nchi hiyo, ikafungwa. Wahenga wetu walisema kumpiga teke chura ni kumwongezea mwendo, na kwa kweli chura huyu alirushwa mbali. Hata binti wa Rais, Dariga Nazarbayeva, alisema hadharani kwamba kuifunga tovuti hiyo kuliichafulia nchi jina kuliko mzaha wenyewe.

Kutoka hapo kila mtu akawa anaingoja filamu. Mei 2006 Borat alitembea ufuoni Cannes, Ufaransa, akiwa na vazi la kuogea la kijani ambalo sitalieleza katika ukurasa huu wa jamaa. Septemba filamu ikapelekwa kwenye tamasha la Toronto, ikaonyeshwa usiku wa manane, ukumbi umefurika. Haikufika mbali, mtambo wa kuonyeshea ukaharibika. Michael Moore, mtengenezaji filamu maarufu aliyekuwapo, alijaribu kusaidia kuutengeneza, wapi! Watu wakaenda zao. Filamu nyingine ingekufa usiku huo. Hii ilijipatia tangazo la bure.

Mwezi huo huo Rais Nursultan Nazarbayev alizuru Washington kuonana na Rais George W. Bush. Serikali yake ilinunua kurasa nne katika gazeti la New York Times kuisifu nchi. Siku moja kabla ya mkutano huo, Borat akasimama mbele ya ubalozi wa Kazakhstan na kuwatangazia waandishi kwamba matangazo hayo ni uzushi wa majirani wao wa Uzbekistan. Kisha akaelekea Ikulu ya Marekani kumwalika Bush atazame filamu yake. Walinzi wakamzuia langoni.

Si Wakazakhi pekee waliokuwa na wasiwasi. Shirika la Kiyahudi la Marekani lipigalo vita ubaguzi, ADL, lilitoa taarifa likisema linaelewa kwamba nia ya mchekeshaji ni kuwafichua wabaguzi, ila lilihofia kwamba baadhi ya watazamaji wasingeutambua mzaha huo, wakacheka upande usiofaa. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Chumba kimoja chaweza kuwa na watu kumi wakicheka kitu kimoja kwa sababu kumi.

Kampuni ya 20th Century Fox yenyewe iliogopa kwamba Wamarekani hawakumjua Borat vya kutosha, ikapunguza kumbi za kuanzia hadi 837. Filamu ikafunguliwa Novemba 3, na katika siku tatu za kwanza ikaingiza takriban dola milioni 26, hali gharama ya kuitengeneza ilikuwa milioni 18. Urusi ilikataa kuipa kibali. Nchi nyingi za Kiarabu pia ziliikataa.

Je, ilistahili kelele hizo zote? Kwa maoni yangu, nusu yake ni kazi ya maana. Borat anaingia dukani kuuliza bunduki ipi inafaa kwa kujikinga na Myahudi, na mwenye duka, bila kupepesa jicho, anamtajia mbili. Katika mashindano ya wapanda farasi huko Virginia anautakia watu wa Iraq umwagaji damu, umati unamshangilia. Anapouvuruga wimbo wa taifa la Marekani ndipo wanapomzomea. Wanafunzi wa chuo kikuu, wakiwa wamelewa, wanasikitika mbele ya kamera kwamba hawana watumwa. Wawili wao walikimbilia mahakamani mwezi huo huo, wakidai walidanganywa. Nyani haoni kundule, lakini safari hii alionyeshwa kwenye skrini kubwa.

Sehemu za mieleka ya uchi hotelini na nyinginezo za aina hiyo nazipita. Wanaozipenda wanajijua.

Kinachotuhusu sisi ni hili la jina. Mwaka wa 1988 Eddie Murphy alipotucheka katika Coming to America, nchi aliyoitumia iliitwa Zamunda, nasi tulicheka kwa raha kwa kuwa Zamunda haina ubalozi wala pasipoti. Sasa fikiria angeiita Kenya. Mwanafunzi wetu anayesoma ng'ambo, ambaye tayari huulizwa kama alikuwa akienda shule kwa mgongo wa ndovu, angejibu maswali hayo kwa miaka mingapi? Vijana wa Redykyulass walipomwigiza Rais Moi, walikuwa wakimcheka mkubwa wao wenyewe, na ilihitaji ushujaa. Mtu wa London kuicheka nchi ya mbali ambayo hawezi kukutana na watu wake sokoni ni jambo jingine.

Hata hivyo, Wakazakhi walijifunza upesi. Oktoba 2006 naibu waziri wa mambo ya nje alimwalika Borat azuru, ajionee wanawake wakiendesha magari. Novemba Nazarbayev, akiwa London, aliwaambia waandishi kwamba hii ni kazi ya mchekeshaji, basi na tucheke. Machi 2012, mlenga shabaha wao alipopewa medali ya dhahabu nchini Kuwait, ukapigwa wimbo wa taifa wa Borat badala ya ule halisi, na wenyeji wakaomba radhi. Lakini mwezi uliofuata waziri wa mambo ya nje alimshukuru Borat, akisema maombi ya viza yaliongezeka mara kumi. Na filamu ya pili ilipotoka Oktoba 2020, idara ya utalii iliuchukua msemo wake wa kusifia kila kitu ikaufanya wito wa kuwaita wageni. Wakazakhi wa Marekani hawakufurahi hata kidogo.

Lakini kuna wengine ambao hawakuwa na idara ya utalii. Kijiji cha Borat kinachoonekana mwanzoni hakiko Kazakhstan. Ni Glod, kijiji maskini cha Romania, ambacho wakazi wake wengi ni Waroma. Walisema waliambiwa kwamba inatengenezwa filamu ya kuonyesha maisha yao. Wakaja kujiona wakitambulishwa kwa dunia kama wabakaji, makahaba na watoa mimba, na mzee mmoja asiye na mkono akafungwa mahali pake kitu cha aibu ambacho, alisema, hakukijua ni nini. Walipeleka kesi New York wakidai dola milioni 30. Haikufua dafu.