Msimu wa kuwinda korongo Wisconsin: sindano ya Oktoba kwa ugonjwa wa Mei



Najua wengine mtauliza, hivi huyu dada kaishiwa mada? Watu wana vita, ada za shule, pesa za kutuma nyumbani, yeye anatuletea habari za ndege! Nivumilieni kidogo.

Mimi ni nesi, nafanya zamu za usiku. Kuanzia Machi, nikirudi asubuhi, nje kidogo ya Madison nawakuta korongo mashambani, wawili wawili, wa kijivu, paji jekundu, warefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Sauti yao unaisikia hata vioo vya gari vikiwa vimefungwa. Miaka ya 1930 Wisconsin nzima ilibaki na jozi kama 25 tu, baada ya kuwindwa mno na vinamasi kukaushwa. Sheria ikawalinda, wakaongezeka polepole, na leo kundi lote la mashariki mwa Marekani linafika karibu laki moja.

Basi kwa kuwa wamekuwa wengi, wapo wanaotaka wawindwe. Wazo lililetwa 2012, likarudi 2021, kamati ikalijadili 2024, na 2025 mswada ukaingia tena. Kentucky walishafungua msimu 2011, Tennessee 2013.

Hoja kubwa ni mkulima, na hapa sileti utani, maana nimelelewa na jembe Bukoba. Korongo anafuata mstari wa mahindi yaliyochipua, anang'oa mche mmoja mmoja apate punje iliyo chini. Ni hasara ya kweli. Lakini inatokea lini? Majira ya kuchipua, Mei hivi na mwanzo wa Juni. Uwindaji ni wa vuli, wakati mahindi yamekomaa au yameshavunwa! Mgonjwa akiugua Mei simsubirishi sindano hadi Oktoba. Tena nisije nikamchoma jirani yake, maana korongo wengine wa vuli ni wapita njia tu kutoka kaskazini.

Dawa ipo. Mbegu hupakwa kitu kiitwacho Avipel, korongo akionja anaitema, anabaki shambani akila wadudu. Shida ni gharama. Pendekezo lililotokana na kamati ya 2024 lilikuwa na msaada wa kumrudishia mkulima sehemu ya gharama hiyo, jambo jema kabisa, ila likafungwa kamba moja na uwindaji. Hiyo kamba ndiyo ninayoipinga. Kwa nini mkulima asipate dawa mpaka mwingine apate nyama?

Wawindaji wana hoja moja inayouma. Tayari wakulima hupewa vibali vya kuwapiga korongo waharibifu, na nyama hairuhusiwi kuliwa. Kwetu hatutupi nyama, nawaelewa. Lakini mbegu ikishapakwa dawa, haja ya vibali hivyo itapungua.

Na huyu si bata. Hutaga mayai mawili, mara nyingi hukua kifaranga mmoja, na huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa. Halafu kuna ndugu yake, korongo mweupe, ambaye mwaka 1941 walibaki wapatao 20 tu. Tangu 2001 wamekuwa wakirudishwa hapa Wisconsin, na wale wa kwanza walifundishwa njia ya kwenda Florida kwa kufuata vindege vidogo. Ukungu wa alfajiri, bunduki mkononi, nani atatofautisha?

Huko kwetu korongo taji, nembo ya Uganda, tuliyezoea kumwona mabondeni Kagera, tangu 2012 yumo kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Vinamasi vimelimwa, vifaranga vinakamatwa na kuuzwa. Na International Crane Foundation, wanaosaidia kumwokoa huko Afrika, makao yao ni Baraboo, hapa hapa Wisconsin, mwendo wa saa moja kutoka ninapoishi.

Kwa hiyo mlio na uraia hapa, mswada ukirudi, na hurudi, mpigieni simu mbunge wenu wa jimbo. Simu ni dakika mbili. Mwambieni msaada wa mbegu ndiyo, msimu wa kuwinda hapana, na vipigiwe kura kila kimoja peke yake.

Nawasilisha.