Mpapindi nao upandwe Mbagala

Naotesha na kuuza miche kando ya Barabara ya Kilwa, Mbagala. Wateja wangu wengi ni watu waliomaliza kujenga Chamazi, Mbande au Kongowe na sasa wanataka miti ya kupendezesha uwanja. Wanaulizia miwili tu: mwashoki na areka. Mwashoki asili yake India na Sri Lanka, areka Madagaska. Sina ugomvi na miti hiyo, imenisomeshea watoto. Lakini mpapindi nao una haki ya kupandwa hapa.

Huu ni mti wa jamii ya minazi, na porini hauoti popote duniani isipokuwa kisiwani Pemba. Ndugu zake wa karibu wako Madagaska na Komoro. Shina ni jembamba, lina pete kila jani lilipodondoka. Majani yamepinda kama mbavu za jahazi, na matunda yakiiva huwa mekundu ya kuwaka. Harold Moore, mtaalamu wa Marekani, aliupa jina la kisayansi mwaka 1962, na leo watu wa Florida wanaupanda kwenye bustani zao. Temeke nzima, nani anao?

Kwao umebanwa. Misitu ya Pemba imeliwa na mashamba na makazi, na kimbilio lake kubwa lililobaki ni msitu wa Ngezi. Wataalamu wameuweka kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini.

Mbegu yake haitaki kukaa stoo. Menya tunda lililoiva, osha mbegu, fukia kwenye kiriba chenye mchanga na samadi iliyooza, weka chini ya kivuli cha makuti, mwagilia. Inakawia kuota, ndiyo maana wauzaji tunakimbilia areka, ambayo unagawa shina tu na mche uko tayari.

Sitaki mtu akang'oe miche msituni Ngezi. Ninachoomba ni Idara ya Misitu ya Zanzibar ituuzie mbegu zilizookotwa kwa mpango, kwa risiti, na vijiji vinavyouzunguka msitu vipate chao. Manispaa ya Temeke nayo, ikinunua miti ya shule, iagize mipapindi. Debe moja la mbegu likifika kabla ya masika, wenye vitalu kutoka Mbagala hadi Tegeta tutagawana, na kazi ya kuotesha tutaifanya wenyewe.