KOMPYUTA YA KUUNGANISHA NA TV DUKANI: INALIPA AU INAKULA MTAJI?

Wiki hii dada mmoja mwenye saluni jirani na mimi kaniuliza, "Mdogo wangu, nataka ninunue kompyuta niiunganishe na TV, wateja wawe wanaangalia muvi na miziki wakati nawasuka. Wewe ulikuwa nayo, nishauri." Nikamwambia dada, kaa chini kwanza, hii stori ina maumivu. Nikaona bora niiandike na hapa, maana najua kuna wengi wana wazo hilohilo.

Mimi nina kaduka ka vinywaji baridi na vifaa vya simu hapa Morogoro. Nje kuna mabenchi mawili na mwamvuli, ndani nina TV ya nchi 32. Mwaka juzi mwezi wa kumi na mbili nikaona jamaa wa mtaa wa pili kafunga kompyuta kwenye TV, watu wamejaa. Roho ikaniuma. Nikaenda kununua kompyuta ya mezani, mtumba, 380,000. Fundi akaniambia, "Bosi, hii ni mashine, hutajuta." Ukiongeza spika, waya wa HDMI na stabilaiza ikafika 445,000.

Sasa hapo ndipo penye tatizo. Ile hela haikuwa ya kompyuta. 200,000 mama alinikopea kwenye kikoba chao niongeze kreti za soda kwa ajili ya msimu wa joto. Mimi nikajisemea watu wakijaa nitairudisha ndani ya mwezi.

Watu walijaa kweli, siwadanganyi. Ila mtu ananunua soda moja anakaa nayo muvi nzima. Nilikuwa nauza wastani wa soda 40 kwa siku, zikafika 46. Yaani soda 6 tu zimeongezeka. Faida yangu kwa soda ni kama 150, kwa hiyo ni 900 kwa siku. Nikaja kukokotoa umeme: mashine ile inakula kama wati 80, nikiwasha masaa 10 ni uniti 0.8, na mimi nalipa kama 356 kwa uniti, hapo 285 imeondoka. Inabaki 615. Sasa chukua 445,000 gawanya kwa 615. Unapata siku 723. Karibu miaka miwili ndio hela irudi, na hapo sijahesabu siku ambazo umeme unakatika wala siku mashine ikiharibika.

Mwezi wa kwanza joto kali, kreti zimeisha, sina hela ya kuongeza. Wateja wanaangalia muvi, friji lina maji tu. Wanaangalia kwangu, wanaenda kununua soda ya baridi duka la pili, wanarudi nayo kukaa kwenye benchi langu. Nacheka sasa, siku ile sikucheka.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kwa wafanyabiashara wadogo wengi, kompyuta ya kuangalizia muvi sio ya kununua. Sio kwamba kompyuta ni mbaya. Ni kwamba ile kazi unayotaka ifanye, kuna kitu cha bei ndogo kinaifanya tayari.

TV nyingi za siku hizi zina tundu la flashi. Ukitaka miziki na video za mitindo ya nywele, flashi inatosha. Ila jua kitu kimoja: flashi ikiwa imefomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, usije ukasema flashi mbovu. Ukitaka vitu vya mtandaoni, kiboksi cha Android kinakula kama wati 10 au chini ya hapo. Kwa masaa yaleyale 10 kwa siku, mwezi mzima ni kama uniti 3, wakati kompyuta yangu ilikula uniti 24. Hapo tu tofauti ni zaidi ya 7,000 kila mwezi.

Na kiboksi nacho usinunue kwa macho. Vile vya bei ya chini sana ambavyo havijathibitishwa na wenye huduma, mara nyingi Netflix haionyeshi picha ya HD, inakupa picha ya chini. Halafu kuna bando. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa. Ukiwasha masaa matano ni GB 15 kwa siku. Nani ana bando hilo kwa faida ya soda?

Kwa anayekwenda kununua kompyuta hata hivyo, angalia haya, mimi niliyajua nimeshachelewa.

Moja, uliza umri wa mashine. Muvi nyingi mpya zinabanwa kwa mtindo unaoitwa H.265 ili faili liwe dogo. Mashine za Intel za kabla ya kizazi cha sita hazina kifaa cha kufungua hizo ndani yake, zinatumia nguvu ya mashine nzima. Matokeo yake picha inakwamakwama na feni inalia kama mashine ya kusaga. Yangu ilikuwa kizazi cha pili. Nilikaa nalaumu TV.

Mbili, angalia tundu la HDMI. Mashine nyingi za zamani zina VGA, na VGA inapeleka picha tu, sauti hapana. Utaongeza hela ya spika bila kupanga.

Tatu, Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba hazikubaliwi na Windows 11. Kama ni ya muvi tu, kuna programu ya Kodi, ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye Linux. Usikubali kulipishwa na mtu kwa kuwekewa Kodi kana kwamba kaitengeneza yeye.

Nne, na hii watu hawapendi kuisikia: kuonyesha wateja sio sawa na kuangalia na familia sebuleni. Hapa Tanzania hakimiliki iko chini ya COSOTA, na sheria yake ni ya mwaka 1999. Mabanda ya kuonyesha video yanahitaji leseni ya Bodi ya Filamu. Hata akaunti ya Netflix masharti yake yanasema ni kwa matumizi binafsi, sio ya biashara. Mimi nilikuwa naingiziwa muvi na kijana mmoja kwa mia tano mia tano, sijivunii. Ukipanga kufanya, nenda ofisini uulize gharama zake kwanza, uziweke kwenye hesabu.

Je, kuna anayefaidika? Yupo. Kama kompyuta ina kazi nyingine inayoingiza hela, mfano unachapa barua na kutoa kopi, halafu jioni inaonyesha TV, hapo muvi ni nyongeza. Kama watu wanalipia kuingia na una leseni, hiyo ndio biashara yako yenyewe. Na kama unanunua kwa ajili ya nyumbani kwako, kwa hela ya faida, ujipumzishe, nunua ndugu yangu, raha nayo ni haki yako. Ila usiiite mtaji.

Dada wa saluni nikampa kazi moja. Chukua daftari, wiki nzima andika wateja wangapi wameondoka kwa sababu wamechoka kusubiri bila kitu cha kuangalia, na wangapi wameondoka kwa sababu rasta za rangi wanayotaka hazipo. Karudi jana. Walioondoka kwa kukosa TV, hakuna. Waliokosa rasta, saba. Hakuniuliza tena habari ya kompyuta, kaniuliza duka la jumla la rasta.

Mwisho wangu mimi ulikuwaje? Rejesho la kikoba lilichelewa wiki tatu. Mama akapigwa faini mbele ya wenzake, akalipa kwa hela yake ya kuuza vitumbua. Aliporudi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, zile soda zimeisha zote?" Nikakosa jibu. Nikauza ile mashine 260,000, nikamrudishia zake na ile faini, zilizobaki nikanunua kreti nne.

TV bado ipo, ina flashi ya GB 32. Soda kwa siku zimerudi 44. Benchi halijai kama zamani, ila friji limejaa.

Wewe una kompyuta kazini kwako na inakulipa? Niambie inalipa vipi, kwa namba sio kwa maneno. Nami bado najifunza.