Kabla ya 1910 Hapakuwa Pori

Mwezi uliopita nilikuwa nasahihisha mitihani ya mwaka wa tano wa sekondari. Umeme ulikuwa umekatika Katuba nzima, mtaa wetu hapa Lubumbashi, nikawasha taa ya kuchaji na kuanza kuzipitia karatasi moja moja. Swali la pili liliwataka wanafunzi waeleze eneo la Lubumbashi lilivyokuwa kabla ya mwaka 1910. Binti mmoja makini, asiyekosa shule hata mvua inyeshe namna gani, alijibu kwa neno moja: "Pori." Akaweka nukta, akaenda swali la tatu.

Nilishika kalamu nyekundu nikashindwa kuitumia. Neno lile nililiandika mimi ubaoni. Nililipokea kwa mwalimu wangu, naye alilipokea kwa waliomfundisha enzi mji huu ukiitwa Élisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji ambaye babu zetu walimjua kwa picha za ukutani. Nimefundisha historia na jiografia miaka 22, na muda wote huo nimekuwa nikiwaambia watoto wa Katanga kwamba nchi yao ilianza siku treni ilipoingia kutoka Rhodesia.

Hapakuwa pori. Nataka kusema hivyo gazetini kwa sababu nilikosea mbele ya watu wengi, na kosa la namna hiyo halisahihishwi kwa kunong'ona.

Tuanzie palipo karibu. Mgodi wa kwanza wa kampuni ya madini ya Union Minière, ule uliolisha tanuru la Lubumbashi lilipoanza kutoa shaba mwaka 1911, Wabelgiji waliuita Étoile du Congo, Nyota ya Kongo. Wenyeji walikuwa na jina lao: Kalukuluku. Wazungu walipofika walikuta mashimo. Huko Kambove walikuta machimbo makubwa, na hali ilikuwa hivyo hivyo karibu kila kilima cha shaba walichokiwekea alama kwenye ramani zao. Hakuna aliyegundua kitu. Waliulizia njia, wakapelekwa.

Wazee wetu walivijua vilima hivyo kwa macho. Juu ya shaba mti wa miombo hausimami. Ukiona kilima kina kipara katikati ya msitu, nyasi fupi zimetambaa na maua madogo ya zambarau yamechanua, ujue chini yake kuna mukuba, ndiyo shaba. Wanajiolojia waliokuja baadaye walijifunza kusoma alama hiyo hiyo, na leo ua lile limo katika vitabu vyao kwa jina la Kilatini.

Kazi ilikuwa ya kiangazi. Mtama ukishavunwa, familia zilihamia kwenye machimbo. Wanawake na watoto waliokota na kuosha mawe ya kijani, wanaume wakashuka mashimoni. Matanuru yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, makaa yakachomwa kwa miti ya hapo hapo, na mivukuto ya ngozi ikapulizwa usiku na mchana. Shaba ikiyeyuka ilimiminwa katika kalibu yenye umbo la msalaba. Mafundi walikuwa na chama chao chenye miiko na dawa zake, na si kila mtu aliruhusiwa kukaribia tanuru. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu yao mwaka 1926 akawaita walaji wa shaba. Askofu huyo alikuwa nguzo ya utawala wa kikoloni, lakini hata yeye hakuweza kuandika kwamba alikuta pori.

Ninao msalaba mmoja. Aliuacha kambo, kama tunavyowaita babu na bibi huku kwetu, yeye akiwa mzaa mama. Aliuweka chini ya sanduku la nguo, umeviringishwa kitambaa cha kitenge kilichopauka. Mikono yake minne inakaribia kulingana, ila mmoja ni mnene kidogo, kwa kuwa fundi alimimina upande huo kwanza. Uso mmoja ni laini na ule mwingine una vidutu vidutu kama ngozi ya chura, alama ya mchanga wa kalibu. Nilipoupeleka darasani baada ya mtihani ule, nilimpa kwanza binti aliyeandika "pori". Aliupokea kwa mkono mmoja, mkono ukashuka. Akaongeza wa pili. Hakusema kitu, akaugeuza geuza, kisha akaunusa. Wenzake wakaanza kupanga foleni.

Misalaba kama hiyo ilikuwa fedha. Ililipa mahari na kununua chumvi, tena ilisafiri mbali sana na machimbo. Huko Sanga, ukingoni mwa Ziwa Kisale, wanaakiolojia waliofukua makaburi kuanzia mwaka 1957 waliwakuta watu wamezikwa na misalaba ya shaba, baadhi yao tangu kabla Mreno wa kwanza hajatia nanga kwenye mdomo wa Mto Kongo. Shaba ndiyo iliyomvuta hapa hata Msiri. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo, aliyekuja Katanga kununua shaba. Mwana alifuata njia ya baba, akabaki, akajijengea ufalme wa Wayeke na kuweka makao yake Bunkeya. Msomaji wa Tabora au Kahama akija Bunkeya atasikia majina ya kwao.

Sitampamba Msiri. Aliuza pembe na shaba kwa bahari zote mbili, upande wa Angola na upande wa Zanzibar, na aliuza watu pia. Wasanga, wenye nchi, walikuwa wamemwasi mwaka ule ule wa mwisho wake. Lakini lazima watoto wajue mwisho huo ulikujaje. Watu wa Cecil Rhodes walitaka asaini mkataba na Waingereza. Mjumbe wao, Alfred Sharpe, alifika Bunkeya mwaka 1890 akaondoka mikono mitupu. Mfalme Leopold wa Ubelgiji naye akatuma misafara yake. Ule wa Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada, ulitokea pwani ya Zanzibar mwaka 1891 na wapagazi wengi wa pwani, watu waliosema lugha hii ninayoiandika. Msiri alikataa bendera. Stairs akaipandisha kilimani bila idhini yake, na tarehe 20 Desemba 1891 akamtuma afisa wake, Omer Bodson, kumkamata. Bodson alimpiga Msiri risasi akafa, na yeye mwenyewe akajeruhiwa na watu wa Msiri, akafa kwa jeraha hilo. Mikataba ikasainiwa na waliobaki.

Karibu miaka saba tu kabla ya hapo, kule Berlin, wajumbe wa mataifa ya Ulaya na Marekani walikuwa wameketi kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 wakipanga kanuni za kugawana bara. Somo hilo liko vitabuni na wanafunzi wangu wanalikariri vizuri. Jambo ambalo halimo ni mstari unaopita kwenye ukoo wa mama yangu.

Mama ni Mulamba. Mto Lubumbashi, uliotoa jina la mji, umo katika nchi ya Walamba. Maji yake yanaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, na kutoka hapo yanazunguka kwa Ziwa Mweru hadi Mto Kongo. Kusini kidogo maji yanageuka, yanakwenda Kafue na Zambezi. Mwaka 1894 Leopold na Waingereza walikubaliana kwamba mgongo huo wa maji ndio uwe mpaka. Kwa mchoraji aliyeko Ulaya huo ni mpaka safi kabisa. Kwa Walamba mgongo wa maji haujawahi kuwa mwisho wa kitu chochote: ni mahali pa kulima na kuwinda, na shangazi anakaa upande wa pili. Tazama ramani ya Zambia uone kidole cha Kongo, nchi ya Sakania, kilivyochomwa katikati ya mbawa zake mbili. Mtu wa Mansa anayekwenda Mufulira kwa njia fupi hupita katika nchi yetu, kisha anarudi ya kwao.

Miaka mitatu iliyopita mama mdogo wa mama yangu alifariki Ndola, upande wa Zambia. Tulikwenda kilioni tukiwa wanne. Mpakani afisa mmoja alitushikilia mchana kutwa kwa ajili ya karatasi ya kupitia ambayo, alisema, ilikuwa na mhuri usioeleweka. Mama, mwenye miaka 74, alikaa juu ya begi lake pembeni ya malori ya shaba. Malori yalipita. Sisi tulifika Ndola usiku, tukamkuta amekwisha kuzikwa.

Nikieleza hivi darasani, jiografia inakuwa jambo la nyumbani. Watoto wanaanza kutaja majina ya shangazi zao.

Basi tunatoka nje, tunatembea. Kati ya Kamalondo, mtaa wa Waafrika wa wakati ule, na mji wa Wazungu uliachwa ukanda mtupu, zone neutre, usiojengwa nyumba. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya: mbu anayetoka kwa Mwafrika asiweze kuruka hadi kwa Mzungu. Sammy Baloji, mpiga picha wa mjini kwetu, ametukumbusha picha ya mwaka 1929 inayohusu wafanyakazi waliotakiwa kuleta nzi 50 kwa siku ndipo wapewe posho ya chakula. Nimewatembeza wanafunzi kutoka upande mmoja hadi mwingine wakihesabu hatua zao. Daftari haliwezi kufanya kazi ya miguu. Mmoja aliniuliza kwa nini ukanda ule, hata baada ya kujengwa, bado mtu anahisi anavuka kitu. Nilimwambia aliandike swali hilo kama lilivyo.

Na lazima waijue tarehe 9 Desemba 1941. Vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei za vitu, mishahara imelala pale pale, na wafanyakazi wa Union Minière wakagoma. Walikusanyika uwanjani, askari wakafyatua risasi, makumi ya watu wakafa. Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake, alikuwa miongoni mwao. Shaba ya Katanga ilihesabiwa tani kwa tani, lakini idadi ya waliokufa siku ile inabishaniwa mpaka leo.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimekwisha kujibiwa hivyo na ndugu zangu wa damu. Watasema: mwalimu, baba yako alilelewa na kampuni. Ni kweli. Baba alifanya kazi Gécamines, iliyorithi migodi Union Minière ilipotaifishwa mwaka 1967. Nilizaliwa katika hospitali ya kampuni, nikasoma shule ya kampuni, na unga wa bukari wetu, yaani ugali, ulitoka bohari ya kampuni. Simtukani aliyenilisha. Lakini mikono iliyochimba shaba iliyolipia ule unga ni ya watu walioletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, na wengi wa mwanzo walizikwa hapa kabla mkataba wao haujaisha. Mji huu ni wao kwa haki kubwa zaidi kuliko ya aliyechora barabara zake.

Wengine watasema hakuna vitabu. Vipo. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Élisabethville kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga, kwa niaba ya watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi, picha baada ya picha, na kuieleza kwa Kiswahili. Kitabu cha Yav nilikisoma mara ya kwanza nikiwa na miaka zaidi ya 30, katika chapa aliyoitoa mtafiti Johannes Fabian ng'ambo mwaka 1990. Kiliandikwa hapa, kwa lugha ninayosemea sokoni, na kwenye orodha ya vitabu vya shule yetu hakimo.

Hili si suala la fahari tu. Mtoto anayeamini kwamba hapa palikuwa pori anaamini pia kwamba shaba ni zawadi ya aliyekuja kuichukua. Akikua akawa chifu, diwani au karani wa jimbo, kampuni ikija na karatasi zake atasaini kama mtu anayepokea msaada. Sheria ya madini ya 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa serikali za mitaa ambako machimbo yapo, pamoja na asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Anayedai fedha hizo kwa sauti ni yule anayejua kwamba alikuwepo kwanza.

Hatimaye nilimpa yule binti alama sifuri, kisha nikaifuta. Aliandika alichofundishwa, na deni ni langu. Muhula ujao somo la kwanza la mwaka wa tano litaanzia Kalukuluku, na walimu wenzangu wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi nawaomba tuanze pamoja.

Na wewe mzazi unayesoma hapa: kama una msalaba wa shaba nyumbani, chini ya sanduku au nyuma ya kabati, wako watu wanaopita wakinunua ili wauzie wageni. Usiuuze bado. Mpe mtoto aulete shuleni siku moja, wenzake waushike.