Kukesha Hakumfaulishi Mtahiniwa

Imani kwamba anayekesha na vitabu ndiye atakayefaulu imeota mizizi katika shule na nyumba nyingi za Tanzania. Mtihani wa Kidato cha Nne wa mwezi Novemba unapokaribia, kukesha huhesabiwa bidii na kulala huhesabiwa uvivu. Mtahiniwa hutumbukiza miguu katika beseni la maji baridi, hunywa kahawa nzito na kupiga msuli mpaka majogoo. Mzazi akiona taa inawaka usiku wa manane, moyo wake hutulia. Utulivu huo hauna msingi, kwa kuwa kukesha humpunguzia mtoto kumbukumbu na kumzidishia hofu ile ile anayojaribu kuikimbia.

Kulala ni sehemu ya kusoma. Mtu anapolala, ubongo huyaimarisha na kuyapanga yale aliyojifunza akiwa macho. Madaktari wa usingizi wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, walipendekeza saa 8 hadi 10 za usingizi kwa siku kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Aliyelala kwa saa 3 tu huingia chumba cha mtihani akiwa mzito wa kichwa. Kwenye karatasi ya Hisabati husoma swali moja mara tatu asielewe linadai nini, huhamisha namba upande wa pili wa mlinganyo akasahau kubadili alama, jibu likigoma hupaniki. Hesabu yenyewe alikuwa anaijua.

Imani hii hudumu kwa sababu kukesha kunadanganya. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo. Waliorudia kusoma maandishi walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioongoza ni wale walioyaweka maandishi kando wakajaribu kuyaandika kutoka kichwani. Anayepitia daftari usiku kucha huona kila ukurasa anaufahamu, kumbe ameuzoea kwa macho tu. Pengo hilo hujitokeza mbele ya karatasi ya maswali, wakati hakuna tena la kufanya.

Watetezi wa kukesha hutoa mfano wa waliokesha wakapata Daraja la Kwanza. Wapo, lakini mtihani huo hupima masomo ya miaka 4, na aliyeyasoma kwa miaka yote hiyo hufaulu licha ya kukesha. Watetezi hao hawawataji waliokesha vile vile wakapata sifuri.

Zaidi ya hayo, imani hii huwaondolea watu wazima lawama inayowastahili. Binti wa shule ya kutwa hurudi jioni, akachota maji, akapika, akaosha vyombo na kulaza wadogo zake. Daftari hulifungua saa 4 usiku. Kumsifu kwa kukesha ni kukwepa kumpunguzia kazi. Shule nayo inayorefusha masomo ya usiku Oktoba nzima mara nyingi inafukuzana na mada ambazo zilipaswa kufundishwa mapema.

Msaada wa kweli huanza miezi kadhaa kabla. Haba na haba hujaza kibaba: nusu saa ya somo moja kila siku, daftari likiwa limefungwa na maswali ya mitihani iliyopita yakijibiwa kwa kalamu, hujenga kumbukumbu inayodumu na kumzoesha mtoto kile anachokiogopa. Nyumbani, kazi zigawanywe kwa watoto wote, wa kike na wa kiume, ili mtahiniwa asome kabla hajachoka. Bwenini, mlezi azime taa kwa wakati na kusimamia zibaki zimezimwa. Usiku wa kuamkia mtihani zinatosha kazi tatu: kuhakikisha namba ya mtahiniwa, kalamu na rula vipo tayari, kula vizuri, na kulala mapema.